Karura, Amani au Sanje: uchague kijito gani kwa matembezi ya kimya?

Masika yakishakatika na njia za milimani zikaanza kukauka, swali huwa ni lile lile kutoka kwa ndugu na marafiki: nina siku moja, au mbili, au wiki nzima, nataka kutembea kando ya maji, nitazame ndege na vipepeo, nisikie msitu. Niende wapi? Wengi wameshasikia majina matatu na hapo ndipo wanapokwama. Kuna Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi. Kuna Amani, katika Usambara Mashariki mkoani Tanga. Na kuna Sanje, kwenye miteremko ya Udzungwa mkoani Morogoro.

Nimetembea kando ya maji ya sehemu zote tatu, na kila moja nimeirudia. Sina hata moja ninayoiweka juu ya nyingine kwa kila mtu. Nilichonacho ni imani moja iliyonijia polepole: kijito hakijulikani kwa kupitwa, kinajulikana kwa kukaliwa. Kabla ya kuuliza maporomoko yapi ni marefu zaidi, jiulize ni wapi utaweza kukaa juu ya jiwe nusu saa bila kuharakishwa na mtu, wala na saa, wala na hofu. Jibu la swali hilo linatofautiana sana kati ya mtu na mtu, na ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu.

Ninavyovipima

Kila mahali nimepatazama kwa mambo matano. La kwanza ni kufika: usafiri, muda na malipo. La pili ni maji yenyewe na njia inayoyafuata. La tatu ni ukimya. La nne ni vya kutazama. La tano ni majira na hatari.

La ukimya nalieleza kidogo, maana watu hulidhania ni jambo moja. Upo ukimya wa watu, yaani msitu usio na simu zinazoimba na vijana wanaoitana. Huo kila mtu anaujua. Lakini maji nayo yana sauti, na sauti hiyo ina faida na hasara. Kijito kinachonong'ona juu ya mawe kinafunika kishindo cha miguu yako, hivyo pongo anaweza kuinua kichwa hatua kumi mbele yako naye hajakusikia. Poromoko kubwa linafunika kila kitu, hata ndege aliye juu ya kichwa chako. Nimewaona watu wakisimama saa nzima chini ya maporomoko wakilalamika kwamba msitu hauna ndege. Wangerudi nyuma mita mia mbili, mahali maji yanapotulia, wangesikia sauti tano kwa mara moja. Kwa hiyo ninapopima ukimya, napima yote mawili: watu, na kelele za maji.

Karura

*Kufika.* Hakuna msitu rahisi kufikia kuliko huu. Ukiwa katikati ya Nairobi, panda matatu za Ruaka zinazopita Barabara ya Limuru, shuka karibu na lango, umefika. Upande wa Barabara ya Kiambu pia kuna lango. Malipo ni kwa simu, si kwa fedha taslimu, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Huhitaji mwongozaji: makutano ya njia yana namba, na ramani ipo. Asubuhi unaweza kuwa kijitoni na mchana ukawa kazini.

*Maji na njia.* Msitu una eneo la hekta 1,041 hivi, na mito midogo kadhaa inaukata ikishuka kuelekea mashariki. Njia inayopendwa ni ile inayofuata mto, ikipita kwenye mianzi, kwenye mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, hadi kwenye maporomoko. Njia ni pana na imetunzwa; hata mama aliyebeba mtoto mgongoni anaitembea bila shida. Udhaifu wa Karura ni maji yake. Mito hii inafika msituni ikiwa imekwisha kupita kwenye makazi ya watu, na mvua ikinyesha inaleta udongo, povu na mifuko. Usiyanywe, na watoto wasiyachezee.

*Ukimya.* Siku za kazi, asubuhi na mapema, upo. Jumamosi na Jumapili haupo: wakimbiaji, baiskeli, familia zenye vikapu vya chakula, mbwa waliofungwa kamba. Silaumu. Msitu huu upo leo kwa sababu watu wa jiji waliupigania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vikigawiwa kwa wajenzi, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kila ninapoona watoto wanapiga kelele kwenye yale mapango nakumbuka kwamba pangekuwa na nyumba na kuta.

*Vya kutazama.* Kima wapo karibu kila safari. Mbega weupe walirudishwa Karura katika miaka ya 2010 wakitolewa eneo la Kipipiri, na sasa utawaona juu ya miti mirefu wakining'iniza mikia yao kama mashuke. Pongo na paa wadogo hujitokeza asubuhi. Ndege ninayemtafuta mimi ni shorobo wa Hartlaub: akitulia ni kijani na buluu, humwoni kabisa, akiruka kuvuka mto mabawa yanafunguka mekundu. Wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo ni nadra kwa ndege. Zingatia pia miti. Sehemu za Karura zimepandwa mikalitusi tangu enzi za kuni za treni, na nyingine zina miti ya asili kama muhugu. Ukitoka chini ya mikalitusi ukaingia kwenye miti ya asili kando ya maji, sikiliza tofauti. Sauti zinaongezeka ghafla, kana kwamba mtu amefungua dirisha.

*Majira na hatari.* Msitu una uzio na askari, na njia zimejaa watu, hivyo mwanamke anayetembea peke yake hapa yuko salama kuliko katika misitu mingi ninayoijua. Aprili na Mei njia zina matope. Ingia asubuhi na utoke kabla ya giza, ni hayo tu.

*Panamfaa nani.* Anayeishi Nairobi au anayepitia hapo; mwenye watoto; mwenye magoti mabovu; na yule anayetaka kujifunza kwa kurudia. Huyu wa mwisho namtilia mkazo. Mtu anayekwenda Karura kila Jumanne kwa miezi sita ataujua mto ule kuliko mtalii aliyezunguka hifadhi kumi.

Amani

*Kufika.* Kutoka Muheza barabara inapanda, haina lami, na magari ya abiria ni machache kwa siku. Ukikosa gari la asubuhi unaweza kungoja hadi mchana ukala machungwa yote ya sokoni. Unafika kwanza Sigi, kwenye lango, karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari. Amani yenyewe iko juu, kwenye mita 900 hivi. Kuna nyumba za kulala wageni sehemu zote mbili. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na unaweza kupata mwongozaji langoni. Panga kulala angalau usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Tanga kunawezekana, ila utaona barabara kuliko kijito.

*Maji na njia.* Hapa ndipo moyo wangu unapopunguza mwendo. Mto Sigi unakusanya vijito vingi vya milima hii na maji yake ndiyo yanayohudumia jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani. Vijito ni vyembamba, vya kuruka kwa hatua moja au mbili, vinapita juu ya mawe meusi yenye kuvu na makangaga. Njia ni kijia cha mtu mmoja. Sehemu nyingine mzizi ndio ngazi. Zipo njia za saa moja na zipo za siku nzima, na baadhi zinapita katikati ya mashamba ya iliki na mdalasini ya wanakijiji, hivyo harufu inabadilika kila baada ya kona.

Maji ya vijito vya msituni ni safi, na hilo unaweza kulipima mwenyewe bila chombo. Inua jiwe la ukubwa wa sahani kutoka mahali maji yanapokwenda kasi, ligeuze. Ukiona tunutu bapa wenye mikia mitatu myembamba wakikimbilia upande wa kivuli, au vijumba vidogo vilivyojengwa kwa chembe za mchanga na ndani yake kiwavi, maji hayo yana oksijeni ya kutosha na hayajachafuliwa sana. Ukiona minyoo myekundu tu kwenye tope, maji yamechoka. Wataalamu wa mito hutumia kanuni hiyo hiyo kupima ubora wa maji. Jaribu Karura kisha jaribu Amani, halafu linganisha mawe hayo mawili. Utakuwa umejifunza zaidi ya bango lolote.

*Ukimya.* Mkubwa. Siku za kazi nimetembea saa tatu nisikutane na mtu isipokuwa akina mama waliobeba kuni, na hao ukiwaamkia wanakuitika na kuendelea. Vijito ni vidogo, kwa hiyo sauti ya maji haizidi sauti ya ndege. Unasikia hondohondo akipita juu, mabawa yake yakivuma kabla hujamwona.

*Vya kutazama.* Hapa msitu unadai macho ya karibu. Mtu aliyekuja kuona wanyama wakubwa atarudi amenuna, na mtu aliyekuja na subira atakosa muda. Ukiangalia miamba yenye kivuli na unyevu kando ya maji, tafuta majani yenye manyoya, duara ndogo iliyobana kwenye jiwe, na maua ya zambarau yenye kiini cha manjano. Hilo ndilo ua linalokaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na kwao ni hapa. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, likaitwa Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Wazungu huliita urujuani wa Afrika, ingawa si jamaa ya urujuani wa kwao, na wataalamu wa mimea siku hizi wanaliweka katika kundi la Streptocarpus. Msilichimbe, hata mche mmoja. Mwamba mmoja ukiharibiwa, huenda ndio mwamba wote ambao aina hiyo ilikuwa nao.

Kisha vyura. Safari yangu ya pili niliongozwa na mzee mmoja wa Sigi, mtulivu, aliyekuwa akitembea mikono nyuma kama yuko shambani kwake. Nilikuwa nimekodolea macho majini. "Mwanangu, unatazama mbali," akaniambia, akaelekeza fimbo kwenye uso wa mwamba uliokuwa ukichuruzika maji membamba kama karatasi. Sikuona kitu. Nikainama. Viluwiluwi! Virefu, vyeusi, vimejibandika kwenye jiwe wima, nje ya kijito kabisa, mikia inapigapiga kwenye maji yasiyofikia unene wa ukucha. Ni wa chura wa miamba anayeitwa kitaalamu Arthroleptides martiensseni, na wanakulia hapo hapo kwenye mwamba unaotiririka. Nilikaa mbele ya jiwe lile mpaka miguu ikafa ganzi. Mmoja alikuwa akipanda, akiteleza, akipanda tena. Mita chache kutoka hapo, kwenye majani, huishi chura mwingine mdogo, Nectophrynoides tornieri, asiyehitaji hata maji hayo: jike huzaa watoto wakiwa vyura kamili. Vyura wawili wa kijito kimoja, njia mbili tofauti kabisa za kulea.

Kuna vinyonga pia, wengine wadogo kama jani kavu, na ni rahisi kuwapata usiku kwa tochi, wakiwa wamelala kwenye ncha za vijiti na rangi yao imepauka. Ukilala Amani au Sigi, omba mwongozaji akutembeze kuanzia saa mbili usiku. Ni nusu saa tu.

Mjini Amani penyewe kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Miti mingine iliyoletwa na watafiti imetoroka ikaingia msituni. Mwongozaji atakuonyesha Maesopsis, na ukishaujua utauona kila mahali. Napenda bustani ile, lakini msiimalizie siku nzima mkasahau vijito.

*Majira na hatari.* Hunyesha sana, na wakati wowote. Juni hadi Septemba panatembelika vizuri, na Januari na Februari pia. Wakati wa masika barabara inateleza na magari hukwama. Siafu wapo: ukiona mstari mweusi unaokata njia, ruka, usisimame kupiga picha. Angalia unapoweka mkono kabla ya kushika jiwe au mzizi, kwa ajili ya nyoka. Chukua koti la mvua hata kama jua linawaka Muheza.

*Panamfaa nani.* Mtu mwenye subira, mchoraji, mpiga picha wa vitu vidogo, mwalimu wa baiolojia na wanafunzi wake wachache, mtu aliyechoka. Hapamfai anayehitaji kuona kitu kikubwa ili ajisikie amefika.

Sanje

*Kufika.* Njia ni ya Mikumi kwenda Ifakara. Mabasi yapo, na makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yako Mang'ula, si mbali na kijiji cha Sanje. Kushoto unapokuja kuna mashamba ya miwa hadi macho yanapoishia, na kulia ukuta wa msitu unapanda ghafla. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, ni ya kielektroniki, yamalizeni kabla ya siku ya kutembea. Mwongozaji ni lazima. Gharama kwa mtu mmoja ni kubwa kuliko kwingine kote katika ulinganisho huu, kwa hiyo kwenda watu wanne ni nafuu.

*Maji na njia.* Maporomoko ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 hivi kwa hatua tatu. Njia ya mzunguko huchukua karibu saa nne kwa mtu wa kawaida: unapanda msituni hadi juu, unakuta mabwawa ya maji baridi, unatazama Bonde la Kilombero lote chini yako, kisha unateremka hadi chini ya poromoko kubwa. Ni kupanda kwa kweli. Magoti yatakuambia. Hakuna barabara ndani ya hifadhi hii. Kila anayeiona anaiona kwa miguu, na kwangu hiyo ni heshima kubwa.

*Ukimya.* Watu si wengi, lakini maji ni mengi. Karibu na maporomoko hutasikia ndege, hata sauti yako mwenyewe. Aidha, unatembea na mwongozaji, na mara nyingi na kundi, na kundi lina mwendo wake. Hili ndilo jambo ambalo wapenda kimya hawaliwazii kabla. Safari moja tulikuwa tisa, mwongozaji akiwa na haraka ya kupokea kundi jingine mchana, na tukapita kwenye kijito kizuri kuliko vyote nilivyoviona huko kama watu wanaowahi treni. Tangu siku hiyo, kabla hatujaanza, namwambia mwongozaji kwa adabu: kaka, sisi tunataka polepole, tukichukua saa sita ni sawa. Wengi hufurahi. Wao wenyewe wanapenda msitu, na ni wageni ndio wanaowaharakisha.

*Vya kutazama.* Kwa nyani na kima, Sanje haina mpinzani hapa. Kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye kichwa chekundu, asiyepatikana nje ya eneo hili la milima na bonde lake. Na kuna mangabei wa Sanje, aina ya kima wa kijivu, ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi mwaka 1979, hali watu wa Sanje walikuwa wakimsikia mashambani miaka yote. Anaishi katika misitu miwili tu, yote katika Udzungwa. Kumwona si ahadi. Kuna kundi ambalo watafiti wamelizoeza kuwa karibu na watu, na safari ya kulifuata hupangwa tofauti na ile ya maporomoko, basi uliza makao ya hifadhi mapema. Vipepeo hukusanyika kwenye mchanga wenye unyevu kando ya mabwawa, na kereng'ende hukaa mawe ya juani wakilinda mipaka yao. Tembo nao hupita. Mavi yao njiani ni ukumbusho kwamba mwongozaji hayupo kwa pambo.

*Majira na hatari.* Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri. Masika mawe yanateleza vibaya, na njia ina sehemu za mteremko mkali. Watu huoga kwenye mabwawa ya juu. Oga pale mwongozaji anapokuonyesha, usisogelee ukingo. Beba maji ya kutosha, maana joto la bonde ni jingine kabisa na la Usambara.

*Panamfaa nani.* Mwenye miguu mizuri, mwenye hamu ya kuona nyani wasiopatikana kwingine duniani, na anayependa siku iwe na kilele. Pia anayeogopa kupotea, kwani hatakuwa peke yake hata dakika moja.

Nikivisimamisha bega kwa bega

Kwa kufika, Karura inaongoza mbali, Sanje inafuata kwa sababu basi linakushusha barabarani, na Amani ni ya mwisho. Kwa usafi wa maji, Karura ndiyo dhaifu. Kwa ukimya wa watu, Amani. Lakini Karura ya Jumanne saa moja asubuhi inaikaribia kuliko mtu anavyodhani. Kwa mandhari, Sanje, bila ubishi. Kwa vitu vidogo, Amani, na tofauti ni kubwa. Kwa uhuru wa kukaa unapotaka na muda unaotaka, Karura inazishinda zote mbili, na hilo kwangu lina uzito mkubwa, kwa sababu kutazama ni kazi ya muda.

Popote utakapokwenda, mambo machache hayabadiliki. Anza mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Panda kuelekea juu ya kijito badala ya kushuka, ukiweza: matope uliyoyakoroga yanabaki nyuma yako na mbele maji ni meupe. Vaa rangi zilizofifia. Darubini ndogo inatosha. Kwa kijito, kioo cha kukuzia kinasaidia zaidi. Maji yaliyotuama maeneo ya chini yanaweza kuwa na kichocho, usiyaingie kwa sababu tu yanavutia.

Kulingana na hali yako

Una nusu siku na uko Nairobi: Karura, siku ya kazi, lango la Barabara ya Limuru, fuata mto, na usihesabu kilomita. Kaa kwenye mianzi kabla ya kufika maporomokoni.

Una watoto wa chini ya miaka kumi: Karura tena. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka saba, na kilichomshika si maporomoko wala mbega, ni wale wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji. Alitaka kujua kwa nini hawazami. Tulilala kifudifudi ukingoni tukitazama vijishimo ambavyo kila mguu ulifanya juu ya uso wa maji bila kuupasua. Dakika arobaini. Mama yake alidhani tumepotea.

Una siku mbili au tatu na unataka kupumzisha kichwa: Amani. Lala Sigi usiku wa kwanza, chini, karibu na mto. Panda Amani siku ya pili. Chukua daftari badala ya vitabu.

Mko kikundi cha marafiki wenye nguvu, na mmoja wenu hajawahi kuona msitu wa mvua: Sanje. Uzito wa maji yale utamfanya arudi mwenyewe baadaye, kwa utulivu.

Unapenda nyani hasa: Sanje, lakini siku mbili, moja ya maporomoko na moja ya kuwafuata nyani. Ukibana vyote katika siku moja utakosa vyote.

Unasafiri peke yako na ni mara ya kwanza: Karura kwa kuzoea, au Amani pamoja na mwongozaji. Sanje peke yako inawezekana ila gharama haigawanyiki.

Una magoti au pumzi ya shida: Karura, au njia fupi za chini pale Sigi. Mwambie mwongozaji ukweli langoni kabla hamjaanza kupanda.

Ni Aprili na huwezi kungoja: Karura, na viatu vya kuchafuka. Milima iache ikauke.

Na kama mfuko hauruhusu hata moja mwaka huu, tafuta kijito kilicho karibu na kwenu. Mimi naishi Morogoro, chini ya Uluguru, na vijito vinavyoshuka kutoka huko kwenda kuulisha Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa, vimenifundisha zaidi ya safari zangu zote. Muulize mwenye shamba kama unaweza kupita. Nenda alfajiri, chagua jiwe moja la kukalia na rudi kwenye hilo hilo kila wiki, mpaka kaa anayeishi chini yake azoee kivuli chako na atoke na magando yake mbele, akichota ukungu wa kijani kwenye mwamba na kuupeleka mdomoni, gando moja, kisha jingine.